Punje ya Ulezi Kati ya Ncha Mbili

Saa nne kasoro robo asubuhi, Jumatano, tarehe kumi na tatu Novemba, mwaka tisini na sita, naiweka hivyo kichwani ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba sikumbuki ilianza lini, nimepiga magoti kwenye maranda, goti la kushoto limekalia kitu kigumu, kipande cha fundo labda, lakini sisogei, nimeshasogea mara mbili na mara zote mbili punje imedondoka kabla ya wakati wake, punje ya ulezi, moja tu, nimeishika kati ya ncha mbili za chuma kwa kidole gumba na cha shahada, na mkono wa kulia unazungusha gurudumu la kichwa cha nyuma cha mashine, taratibu, taratibu, ncha ya nyuma iifuate ya mbele, na mgongoni kwangu Baba amesimama, hasemi kitu, na mlangoni kwenye benchi Mama Kija anasubiri miguu ya kitanda cha bintiye, yeye anasema kwa niaba yetu sote, "Mzee Felisiani, hivi hiyo mashine yenu ni ya kukereza au ya kuabudu? Maana tangu nifike binti yako amepiga magoti tu," na Baba anacheka kidogo, kicheko cha puani, "Subira, Mama Kija, hapa tunapima," "Mnapima! Sisi ng'ombe tunampima kwa macho, mnadani mtu anatupa jicho moja tu na bei inajulikana," kwa macho, kasema kwa macho, sijui Baba amelipokeaje neno hilo, sigeuki kumwangalia, nikigeuka punje itadondoka tena...

naomba iruke, hiyo ndiyo sala yangu yote ya leo, punje iruke, maana alivyonifundisha Baba hata kabla sijaanza darasa la kwanza ni hivi, vichwa viwili vya mashine ya kukereza ni kama watu wawili waliobeba mgonjwa kwenye machela, wa mbele anaizungusha kazi, wa nyuma ametulia anaishikilia tu, mmoja akikengeuka hata kidogo anayeumia ni mgonjwa, basi kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha, na zile mbao mbili za mninga zilizobeba vichwa hivyo zikaanza kunywa unyevu na kujinyonga, unachukua punje ya ulezi unaiweka katikati ya ncha, zikitazamana sawasawa inabanwa, inapasuka, unga wake unabaki kwenye ncha zote mbili, zisipotazamana inaruka inakwenda zake, na wewe unachukua spana, Chuo Kikuu walitupa saa ya kupimia inayosoma hadi sehemu ya mia ya milimita, nikaipenda saa ile kama wenzangu walivyopenda viatu, lakini sikumwambia mtu pale Dar es Salaam kwamba kwetu Sumbawanga tunapima kwa ulezi, wangeniuliza ulezi wa aina gani, na mimi ningejibu nusu saa nzima, mwekundu mkavu wa mwaka huu, si ule mweupe, si wa ghalani wenye wadudu, na wangecheka, na leo saa ile sinayo, ninayo punje, ikiruka maana yake kosa ni la mashine, nairekebisha, kesho alfajiri napanda basi la Mbeya na Jumatatu naripoti kazini, na isiporuka maana yake mashine iko sawa na kilichoharibika ni macho ya Baba, na kama ni macho siendi, nilimwambia hivyo Jumapili tukila, "Kama ni macho, Baba, siendi popote," naye akanawa mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja, akasema, "Ni mashine. Utaipima mwenyewe utaona."

Jumapili hiyohiyo baada ya misa ya pili, katekista Leonsi alikuja ameubeba mti wa msalaba begani kama mtu anayerudisha jembe la kuazima, ule msalaba wa maandamano wa kigango kipya, mti wake ni vipande vitatu vya mkurungu vinavyoingiana, ulimi wa kimoja ndani ya tundu la kingine, Baba aliukereza mwisho wa Oktoba, na Leonsi akaamkia, "Shikamoo mzee," "Marahaba, Leonsi, vipi kigangoni?" "Kwema mzee, ila... nisamehe, unainama," akauunga palepale uani, akausimamisha, na kweli ukainama pale kwenye kiungo cha katikati, si sana, lakini msalaba hauhitaji kuinama sana, "Watoto wa kwaya wanasema unachungulia Zambia," akasema Leonsi, akitaka kucheka na kuona haya kwa pamoja, na Baba akaupokea, hakuutazama, akaupitisha kwenye mdomo wake wa chini, ule mtindo wake mpya wa kupapasa mbao kwa mdomo, miezi yote hii nilidhani ni ufundi, nilidhani ufundi umemzidi hata umehamia mdomoni, akasema, "Ni mashine imekengeuka, mvua hizi," na mvua ilikuwa imenyesha mara moja tu, manyunyu, hata vumbi la barabara ya sokoni halikulala...

"Vipi, mwanangu?" Baba anauliza, "Bado, Baba," nasema, milimita mbili zimebaki, moja na nusu, Mama Kija amehamia kwenye mazungumzo mengine, namsikia nusunusu, anasema macho ni mali, mama mkwe wake yeye alipata mtoto wa jicho, yote mawili, akawa anakaa kizingitini anauliza kila apitaye wewe nani, wewe nani, basi wakauza dume moja wakampeleka Mbeya, hospitali ile kubwa, wakamsafisha macho yale, "Akarudi anaona mpaka chawa kwenye kichwa cha jirani! Sasa unadhani alianza na nini? Alianza kuhesabu mbuzi. Akakuta wawili hawapo. Mpaka leo nyumba ile haijatulia, mume wangu anasema bora tungemwacha," na anacheka, na Baba anacheka naye, kisha Baba anauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, "Walimlaza siku nyingi?" "Wala, mzee, hata wiki haikuisha," "Ah," anasema Baba, "Mbeya ni mbali," na mimi nazungusha gurudumu, Mbeya ni mbali, amesema Mbeya ni mbali mtu ambaye wiki nzima hii amekuwa akiniambia Mbeya ni hapo tu, unalala kidogo unaamka Tunduma, unalala tena umefika...

Mbeya, kiwanda kilichokuwa cha umma kimepata mwenyewe, na mwenyewe anataka watu wa mitambo, waliniita Septemba wakanihoji, mmoja akauliza kama mikono hii inaweza spana namba thelathini, nikamwambia iletwe, wakacheka, wakanikubali, na mtaa mzima wa kwetu ukashangilia kwa sababu miaka miwili nimekuwa nyumbani na shahada yangu kama jiko la umeme mahali pasipo umeme, zamani ulimaliza chuo ukapangiwa kazi, unasoma jina lako ubaoni, Tanga, Mwanza, Kagera, unafunga sanduku, sasa serikali inapunguza hata waliomo, kila mtu ajitafutie, soko huria, na soko huria lenyewe tunaliona pale stendi, viti vya plastiki kutoka Tunduma vimepandana kama sahani, vyeupe, vya kijani, mtu anabeba vinne kwa mkono mmoja, nani ataagiza stuli ya mninga, binamu Tadei amekuja mara mbili kusema mashine iuzwe sasa wakati chuma bado kina bei, na Baba alimjibu, "Tadei, siku nikishindwa kukereza nitakuambia, uje na mkokoteni," na mimi nikafurahi jibu lile, nililisimulia hata kwa shangazi Jenifa, sikujiuliza kwa nini alisema siku nikishindwa, kwa nini hakusema siku nikifa...

imegusa, ncha imegusa punje, naisikia kwenye kidole, naondoa vidole, punje imesimama yenyewe hewani kati ya chuma na chuma, nyekundu, ndogo kama hofu ya mtu mwingine, robo mzunguko, robo nyingine kidogo tu, tk, imeruka! imeruka, imepiga ukuta, nimeisikia, imeruka, "Imeruka, Baba!" nimesema kwa sauti ya mtoto, na Baba anasema "Eeh," anasema "Nilikuambia," na Mama Kija anauliza nini kimeruka, panya? na mimi nataka kucheka, kifua chote kimefunguka kama dirisha, ni mashine, ni mashine, ni chuma na mbao na unyevu, kitu chenye nati, kitu kinachorekebishika, macho yake ni mazima, amezeeka tu kidogo, nani hazeeki, kesho alfajiri nitakuwa kwenye basi, sanduku limefungwa tangu jana, nitakaa upande wa kulia nione Milima ya Mbizi ikibaki nyuma, natia punje nyingine kuhakikisha, maana jambo moja ni bahati, mawili ndiyo ushahidi, imeruka tena, upande uleule, kwa hiyo ncha ya nyuma imekwenda kulia, kwangu, kiasi gani, lete tochi nione kiasi gani...

nawasha tochi, naleta ncha karibu kabisa hadi zipishane, naingiza wembe, haujai, nyembe mbili, tatu, nne, bado kuna nafasi, hii ni nyingi, karibu nusu ya unene wa shilingi ya zamani, hii ni nyingi mno, mninga mkavu wa miaka ishirini haujinyongi hivi kwa manyunyu ya siku moja, na pia... ngoja, mti wa msalaba, ngoja kwanza, tundu la mti wa msalaba linatobolewa na keekee iliyofungwa kwenye kichwa hikihiki cha nyuma, kichwa kikiwa kimekengeuka kiasi hiki keekee ingetembea, tundu lingekwenda upande, ukuta mmoja ungekuwa mnene na wa pili mwembamba, na Jumapili baada ya Leonsi kuondoka niliuchukua mti ule nikachungulia ndani ya tundu, ndivyo nilivyo, siwezi kuona tundu nisichungulie, na tundu lilikuwa katikati, katikati kabisa, kuta sawa pande zote kama kitovu cha chungwa, kilichokuwa na kosa ni bega la kipande cha pili, pale ulimi unapoanzia, patasi ilikuwa imeliacha na mgongo kama wa kobe badala ya kulala bapa, kwa hiyo vipande vilipokutana vilikalia mgongo ule vikayumba, niliona, niliona kabisa, nikarudisha mti ukutani nikajisemea nitafikiria kesho, na bega halikatwi na mashine, bega linakatwa na jicho, mashine inazungusha tu, basi mwisho wa Oktoba kichwa hiki cha nyuma kilikuwa mahali pake, na leo hakipo mahali pake, na kati ya siku ile na leo hakuna aliyekereza kitu...

"Kiasi gani?" Baba anauliza, "Napima, Baba," sauti yangu imerudi kuwa ya mtu mzima, nashusha tochi kwenye nati, kichwa cha nyuma kinashikwa na nati mbili, moja ubavu huu, moja ubavu wa pili, ukilegeza moja ukakaza nyingine kinasogea, na nati hizo hazifunguliwi hovyo, hizo zina nta, ni desturi ya Baba, aliitoa kwa mapadre waliomfundisha kazi au aliianzisha mwenyewe sijui, kila mwaka baada ya kupima kwa ulezi huwasha kipande cha mshumaa uliobarikiwa Februari mbili, sikukuu ya Bwana kutolewa hekaluni, na juu ya kila nati hudondosha matone matatu, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, nta inaganda juu ya nati na uzi wa boliti, asije mtu akaigusa bila kujulikana, hata yeye mwenyewe, "hata mimi," huwa anasema, "hata mimi isiniruhusu," na nta ya mwaka jana naijua, ilikuwa imegeuka njano na kushika maranda kama unga wa dona, na sasa kwenye mwanga wa tochi nati iko uchi, pembe zake zinang'aa, spana imeziuma juzijuzi, na kando yake, upana wa kidole kutoka kwenye nati, juu ya mbao tupu ya mninga, kuna matone matatu ya nta, meupe, mapya, yamepangwa vizuri kabisa, moja, mbili, tatu, kama vifungo vya shati la sikukuu...

yamekosa nati, yote matatu.

Mama Kija anasema mawingu yameshuka Mbizi, tutanyeshewa, sina haja ya kuchungulia ubavu wa pili lakini nachungulia, ndivyo nilivyo, huko tone moja limepata ukingo wa nati, mawili yameteleza chini, na harufu ya jana inarudi, jana mchana nilitoka kwenda stendi kuulizia basi, niliporudi karakana ilinuka mshumaa, nikauliza, "Baba, umeme umekatika?" kijinga tu, mchana kweupe, karakana ambayo haina hata waya, naye amekaa kwenye benchi palepale alipo Mama Kija sasa, mikono magotini, akasema, "Nilikuwa namwombea mama yako," na mimi nikaona aibu kwa kuuliza, nikaenda kuchemsha maji, kumbe alikuwa ametoka kufanya hivi, peke yake, amepapasa nati, amelegeza huku, amekaza kule, mtu ambaye siku ya msiba wa Mama, watu wamejaa uani, maturubai yanapigwa na mvua, aliomba radhi akaingia humu kuhakikisha mashine haijakengeuka, nikamfuata nikidhani anataka kulia nikamkuta ana punje ya ulezi kiganjani, mtu huyo jana aliikengeusha mashine yake kwa mkono wake mwenyewe, kwa makusudi, kwa kipimo kikubwa ili nisikose kuona, ili nipige kelele imeruka Baba, ili nipande basi, na alipomaliza hakuweza kuiacha bila nta, desturi ikamshinda, au alitaka ionekane haijaguswa, akawasha mshumaa akainama, akaona nati pale ambapo nati haipo.

Basi ni macho, na si macho kidogo.

Na chai, kikombe anakishika kwanza kwa kidole ndani ya ukingo halafu ndiyo anamimina, na salamu, siku hizi hajibu mpaka usikike unasema nini, leo Mama Kija alipoingia akiwa kimya anafuta miguu Baba alisema "Karibu Leonsi," na Mama Kija akasema "Leonsi tangu lini akavaa kitenge?" tukacheka wote watatu, mimi nilicheka, nikaendelea kutafuta punje nzuri kwenye kopo...

"Vipi, Cornelia?" sasa ameniita jina, anangoja, na ninajua anachongoja, anangoja niseme imekengeuka, nimeshasema nusu yake, imebaki nusu, na si uongo, imekengeuka kweli, punje imeruka kweli, nyembe nne na zaidi, kila neno nitakalolisema litakuwa na kipimo chake, nitachukua spana, nitalegeza huku nitakaza kule, punje itapasuka, nitawasha mshumaa nidondoshe matone yangu juu ya yale yake, nani atajua, kesho basi, na yeye atasimama mlangoni anipungie mkono kwenye upande ambao labda sipo, na Jumatatu mimi nitavaa ovaroli nipime mashine za watu kwa saa ya sehemu ya mia, na yeye hapa atachukua patasi akereze miguu ya kitanda cha Kija, mguu wa kwanza, wa pili, na patasi haina adabu kwa asiyeiona, inadaka mti inaruka, nimeona vidole vya mafundi wa mjini hapa, nusu kidole, robo kidole, na wao walikuwa wanaona, au nisiseme hivyo, niseme ninachokijua, halafu nibaki, nifungue sanduku, na alichokifanya jana, kuiharibu mashine aliyoilinda kuliko nafsi yake, kiwe kimekwenda bure, nitakuwa nimemwambia umeshindwa mara mbili, umeshindwa kuona na umeshindwa kunidanganya, kwenda, kubaki, kwenda, kubaki, nimezipanga hizo mbili tangu Jumapili kama ncha mbili na katikati nimemweka yeye, niliyasema mimi mwenyewe maneno yale, kama ni macho siendi, mimi ndiye niliyemfunga, angefanya nini mtu huyu na sharti kama lile, na Mama Kija bado yuko kwenye mbuzi wake, "...na mmoja alikuwa na mimba, mzee, unafikiri bibi alisahau? Anakumbuka mpaka rangi," na Baba anaitikia "Ee, ee," na nakumbuka alivyouliza, walimlaza siku nyingi, kama bei ya kitu asichotaka kununua, kumbe ni kitu anachokitaka mpaka hathubutu kukishika, Mbeya ni mbali, Mbeya si mbali, Mbeya nakwenda mimi, hospitali iko Mbeya, kiwanda kiko Mbeya, Jumatatu iko baada ya Ijumaa, na mimi nimeshika tochi hapa kama mpumbavu napima njia mbili tu wakati basi lina viti sitini.

"Baba," nasema, bila kugeuka, "nta imeanguka pembeni ya nati."

Mkono wake unashuka kupita bega langu, unanuka mkurungu, vidole vinatembea juu ya mbao, vinapanda kwenye nati, vinaizunguka, vinaikuta uchi, vinasimama, kisha vinashuka upande, taratibu, mpaka vinagusa tone la kwanza, na hapo vinatulia kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umefungwa.

"Moja?" anauliza, chini kabisa.

"Yote matatu."

Anavuta pumzi, namsikia akiitoa, ndefu, "Hata Roho Mtakatifu," anasema, na sijui kama ni mimi niliyeanza kucheka au ni yeye, si kicheko hasa, ni hewa tu, na Mama Kija anapaza sauti mlangoni, "Mmeanza tena sala? Hivyo miguu ya kitanda changu mnaikereza au mnaiombea?" na mimi nauliza, "Tangu lini, Baba?" "Tangu mavuno," anasema, "kwanza ilikuwa kama moshi, nikasema ni moshi," na mkono wake haujaondoka kwenye nta, na wangu haujaondoka kwenye gurudumu, goti bado limekalia lile fundo, linauma, mvua haijaanza, punje mbili ziko mahali fulani chini ya maranda, na kichwa cha nyuma bado kimekengeuka palepale alipokiweka.

Kesho yake asubuhi, kabla hakujapambazuka vizuri, nilimpa spana yeye. Alilegeza, akakaza, akazilinganisha ncha kwa kuzipapasa na kucha ya kidole gumba, na nilipoweka punje ilipasuka mara ya kwanza. Niliwasha kipande cha mshumaa, nikamshika kiwiko nikauelekeza mkono wake juu ya nati, akadondosha mwenyewe matatu huku na matatu kule, tukafunga mlango na ufunguo tukampa shangazi Jenifa, pamoja na maneno ya kumwambia Mama Kija. Stendi kulikuwa na baridi na matope. Kondakta alitutazama, mimi na sanduku langu, Baba na koti lake la Jumapili, akauliza, "Anayesafiri nani, dada, wewe au mzee?" Nikamwambia wote wawili, na mzee akae dirishani.